Wazazi wanakopa ili wanitumie mimi: nipokee au nikatae?

SWALI

Ndugu mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minane, nina miaka 29, naishi na mume wangu Kimara, Dar es Salaam. Nafanya kazi ya ukeshia kwenye duka la dawa na mshahara ninaoushika mkononi ni 280,000 kwa mwezi. Mume wangu anaendesha bajaji ya mtu kwa hesabu ya 20,000 kwa siku. Akishatoa hesabu na mafuta hubaki na 12,000, siku nzuri 18,000.

Wazazi wangu wako Muleba, Kagera. Baba ana miaka 66, mama 61. Hawana pensheni, wanategemea kibanja: kahawa, migomba na maharage. Mama anauza ndizi gulioni na yuko kwenye VICOBA. Baba anatumia dawa za presha. Mdogo wetu wa mwisho yuko kidato cha tatu, bado anaishi nao.

Tangu nijifungue wazazi hawaachi kunitumia hela. Mara elfu thelathini, mara hamsini, "ya maziwa ya mjukuu." Mwanzoni mwa Machi kodi ya nyumba ikawa imefika, miezi sita kwa mkupuo, 720,000, nasi tulikuwa na 220,000 tu. Nilimweleza mama kwenye simu. Sikumwomba, nilikuwa nalalamika tu kama mtu anavyolalamika kwa mama yake. Siku ya pili ikaingia 500,000. Nilishukuru, nikalipa kodi. Mume wangu nilimwambia nimepokea zamu yangu ya upatu, kwa sababu angejisikia vibaya kujua kwamba wakwe ndio wanamlipia kodi. Ukweli ni kwamba zamu yangu haijafika, ni mwezi wa tano.

Wiki iliyopita dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa Kamachumu, alinipigia akiwa na hasira. Alisema: "Ninyi wa mjini mnawala wazazi." Kumbe baba aliuza butura, yaani kabla ya kuvuna, kilo 200 za kahawa ya maganda kwa 1,200 kwa kilo ili apate 240,000. Mama naye akaenda kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, akakopa 300,000. Walikata 25,000 ya fomu na bima, akashika 275,000. Anatakiwa arejeshe 13,000 kila siku kwa siku 30. Ameshalipa marejesho 14, mbili zilimpita akapigwa faini ya 5,000 kila moja. Sasa anauza hadi ndizi za kula nyumbani. Dada amenisihi nisiseme kwamba yeye ndiye aliyeniambia.

Nikikataa hela yao mama analia, anasema nimeiona ndogo. Baba aliwahi kusema mtoto anayerudisha mkono wa mzazi anajitafutia kukosa radhi. Nikipokea, najiona mwizi. Nifanye nini? Niwarudishie? Kwa njia gani, nami sina?

Mama wa Miezi Minane, Kimara

JIBU

Mama wa Miezi Minane,

Tuanze na hesabu. Mama atalipa 390,000 kwa fedha aliyoshika 275,000. Baba amepokea 240,000 kwa kahawa ambayo, kama chama cha msingi cha ushirika kingempa tuseme 3,200 kwa kilo baada ya makato, ingemletea 640,000. Jumla, 500,000 iliyofika Kimara itakuwa imetoa Muleba 1,030,000. Kwa kila shilingi uliyopokea, wazazi wanatoa zaidi ya mbili.

Hapo ndipo penye ubaya. Mzazi kumpa mtoto wake aliyejifungua ni jambo la heri, na radhi anayoisema baba si ya kuchezea. Kwa hiyo usikatae mkono wao. Kataa njia ambayo fedha hiyo imepita. Elfu hamsini ya Julai, baada ya mauzo ya kahawa, ni zawadi. Elfu hamsini ya Februari, kahawa ikiwa bado mbichi mtini, mara nyingi ni deni lililovikwa nguo ya zawadi. Ukilishika hilo, mengine yote tunayokuambia hapa yatakuwa rahisi.

Linaloanza ni deni la kausha damu, kwa sababu linakua kila siku. Lakini usikimbilie kulilipa lote kabla ya kujua limejengwaje. Mikopo ya aina hii riba yake ni ya mkupuo: imeshapigwa juu ya 300,000 tangu siku ya kwanza, kisha ikagawanywa. Kwenye kila 13,000 ya mama, 10,000 ni mtaji na 3,000 ni riba. Yamebaki marejesho 16, yaani 208,000, na faini mbili, 10,000. Jumla 218,000. Ndani ya hiyo, mtaji hasa ni 160,000, na 48,000 ni riba ya siku ambazo hazijafika.

Hapo pana nafasi ya kuzungumza. Mtu aende ofisini kwao na daftari la marejesho mkononi, aseme: "Tunataka kumaliza leo, tupunguzieni riba ya siku zilizobaki." Mtaji na faini ni 170,000. Chochote watakachokubali kati ya 170,000 na 218,000 ni faida kwa mama. Wakikataa kupunguza hata shilingi, basi kulipa kwa mkupuo hakukuokolei kitu. Hapo bora utume kidogo kidogo ili mama asipitwe na rejesho hata moja, maana faini ya 5,000 kwa rejesho la 13,000 ndiyo inayoua. Kila siku inayopita akiwa amelipa, toa 13,000 kwenye ile 218,000 na 10,000 kwenye ile 170,000.

Kosa linalowamaliza watu hapa ni kukopa kwa wa pili ili kumlipa wa kwanza. Afisa mikopo mwenyewe hushauri hivyo: "Mama, chukua mwingine, huu tunaufunga." Fomu inakatwa upya, bima inakatwa upya, riba inaanza upya juu ya mtaji wote. Mama aambiwe wazi, na aambiwe na mtu anayemwamini: mkopo mpya hapana, hata akiletewa nyumbani.

Deni likiisha, msiondoke mikono mitupu. Chukueni karatasi yenye muhuri inayosema deni limekwisha, na mrudishiwe kila kilichowekwa dhamana. Wengine hushikilia kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Ikiwa hivyo, namba ibadilishwe siku hiyo hiyo. Ulizeni pia leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa namna hii anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na riba ya taasisi za daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, imewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Mama anatozwa 90,000 ya riba, ukiacha 25,000 za fomu na bima. Kulitaja hilo kwa adabu mbele ya afisa mikopo, pamoja na jina la afisa maendeleo ya jamii wa kata, kunasaidia sana pale mnapoomba punguzo.

Fedha itoke wapi? Umesema zamu yako ya upatu ni mwezi wa tano. Kama mnacheza watu 20 kwa 10,000, hiyo ni 200,000, karibu kabisa na deni. Tafuta mwenzako mwenye zamu ya karibu umwombe mbadilishane. Mweleze kijumbe mapema, mkubaliane mbele yake, na zamu mpya ziandikwe ili pasiwe na maneno. Ukimpa mwenzako 5,000 au 10,000 ya shukrani bado hujazidi faini mbili za mama. Ikishindikana, mwombe mwajiri nusu ya mshahara kabla ya mwisho wa mwezi. Usichukue Songesha wala mkopo mwingine wa simu kwa ajili hii. Utakuwa umehamisha jiwe kutoka kichwani kwa mama na kuliweka kwako, na mama akijua atakutumia tena.

Lakini kabla ya upatu, mume. Umemwambia zamu imeshapita, na mwezi wa tano utafika. Mweleze sasa, jioni, mtoto akiwa amelala, na umwambie yote kwa pamoja: kiasi, kilikotoka, gharama yake, na kwa nini ulificha. Hatafurahi. Hata hivyo tazama uongo ule ulifanya nini: anaamini kodi ililipwa kwa nguvu yenu wawili, kwa hiyo hana sababu ya kubadili chochote kabla ya Septemba. Mwanamume asiyejua kwamba mkwe wake ameuza kahawa ikiwa mtini hawezi kulaumiwa kwa kutoweka akiba.

Kuhusu butura. Serikali imekuwa ikiipiga marufuku Kagera miaka na miaka, na bado ipo, kwa sababu inajibu shida ambayo chama cha msingi hakiijibu: fedha mkononi leo. Ukipeleka kahawa chamani unasubiri mnada, kisha unasubiri malipo. Mnunuzi wa butura anakuja uani na noti. Kwa hiyo baba yako hakufanya ujinga. Alifanya kitu pekee kilichokuwa kinatoa fedha kwa siku mbili.

Je, inaweza kukombolewa? Mara nyingi ndiyo, ikiwa mtafika kabla ya mavuno kuanza, mwezi wa tano. Kahawa ikishaanikwa, mnunuzi anakuja na magunia yake na mazungumzo yamekwisha. Msimshauri baba apeleke kahawa chamani kimyakimya na kumkwepa yule mtu. Wanaishi kijiji kimoja, walishikana mikono mbele ya mashahidi, na ugomvi wa namna hiyo huwaachia wazee uadui wa miaka. Njia ya heshima ni kumrudishia fedha yake na kitu juu yake. Baba amwendee na mwenyekiti wa kitongoji, waandikiane. Kwa 240,000, ongezeko la 40,000 hadi 60,000 ni la haki kwa miezi miwili. Mkifika 300,000 bado mmeokoa zaidi ya laki tatu kwa hesabu ile ya juu. Msipigie hesabu bei ya juu kabisa mliyowahi kuisikia, kwa kuwa bei ya mnada hupanda na kushuka. Kama 300,000 haipatikani, komboeni nusu: kilo 100 kwa 150,000. Hapa dada yako wa Kamachumu ana nafasi yake. Hasira yake itapoa akiona unashika upande mmoja wa mzigo, na ndugu wengine mlio nao wachangie. Ikishindikana kabisa, iacheni butura hii ipite na elekezeni nguvu kwenye msimu ujao. Deni la mama ndilo lisilosubiri.

Jambo moja tunaliweka peke yake kwa uzito wake. Baada ya butura na kausha damu, hatua inayofuata kwa wazazi wengi ni kuweka kibanja rehani. Muulize dada kama limeshazungumzwa. Mama ajue kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenza kuridhia, na kwamba kidole chake kwenye karatasi ndiko kuridhia kwenyewe. Asiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo mdogo wenu wa kidato cha tatu hajamsomea neno kwa neno.

Sasa namna ya kuzungumza na mama, bila kumtaja dada. Usianze na "nimesikia." Ukisema hivyo, dakika inayofuata wataanza kutafuta aliyesema. Huhitaji kusema umesikia, kwa sababu mtoto yeyote mwenye akili angejiuliza laki tano ya Machi ilitoka wapi. Piga simu siku ambayo haina shida, Jumapili mchana wakiwa wote nyumbani. Kwanza shukrani, na iwe na kitu cha kushikika: nyumba tuliyolala leo ni yenu, mjukuu wenu amelala ndani. Halafu uliza, kwa upole na kwa swali lisilo na lawama: "Mama, nataka nijue ile laki tano mlivyoipata, kwa sababu nimepanga kuanza kurudisha mkono na sitaki nikosee pa kuanzia." Atasema ni akiba. Usibishane. Sema: "Sawa mama. Kama kuna mahali mnadaiwa, nataka niwe wa kwanza kubeba, maana hela nimekula mimi." Kisha nyamaza. Wazazi wengi hawasemi kwenye simu ya kwanza, wanasema kwenye ya pili.

Kwa baba, tumia neno lake mwenyewe. Mwombe radhi na umwombe ruhusa: "Baba, mkono wako sitaurudisha kamwe. Naomba unibariki kwa kile kitokacho shambani, cha deni kisiwepo." Baba wa maneno machache huelewa maneno machache. Wala usimrudishie fedha yake kwa simu siku ile ile aliyotuma. Kwake, muamala unaorudi ndani ya saa moja ni mlango uliofungwa usoni. Ikiingia nyingine ghafla, shukuru, iache kwenye laini bila kuigusa, ukauliza kesho yake. Ikionekana ni ya mkopo, itarudi kule kule ilikotoka kupitia dada, kama rejesho, na mama ataambiwa.

Uwape pia kitu cha kutoa. Mzazi aliyezoea kukutunza ukimnyima nafasi hiyo kabisa atatafuta mlango wa nyuma. Omba maharage. Gunia dogo la kilo 20 linasafiri na basi bila kuharibika na litawalisha ninyi miezi miwili au mitatu. Omba senene Novemba, wakaangwe wakauke vizuri kabla ya kufungwa. Ndizi mbichi zinafika pia, ila safari kutoka Muleba hadi Dar ni ndefu. Zikatwe zikiwa zimekomaa bado kijani, zitolewe kwenye mkungu vichana kwa vichana, zipangwe kwenye gunia na majani makavu ya mgomba katikati. Mkungu mzima hufika umechubuka na nusu yake imeiva kwa joto la buti ya basi. Ulizeni nauli ya mzigo kwanza, kwani wakati mwingine inazidi bei ya ndizi zenyewe sokoni Mabibo, na hapo zawadi inageuka gharama tena.

Kurudisha mkono nako kunataka akili. Ukituma fedha taslimu kwa mama, kwa jinsi unavyomweleza, itakurudia kama maziwa ya mjukuu. Tuma kitu ambacho hakiwezi kugeuzwa kikarudi Kimara. Kama nyumba ina umeme, chukua namba ya mita, nunua LUKU hapo ulipo na umtumie mdogo wako zile tarakimu 20 aziingize. Sukari, mafuta na sabuni zilipie kwa Lipa Namba ya duka la jirani, mama aende kuchukua. Wewe uko kwenye duka la dawa, kwa hiyo dawa za presha za baba ziwe zako. Omba picha ya cheti chake na ya pakiti anayotumia, nunua dawa ile ile na kipimo kile kile. Kama anameza kimoja kwa siku, vidonge 90 vinamtosha miezi mitatu. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, mpe mtu anayepanda basi akae nazo ndani, zisiingie kwenye buti. Usimbadilishie aina kwa sababu nyingine ina bei nafuu, hilo ni la daktari. Kwa mzee, rejesho likikosekana mara nyingi kinachofuata kuruka ni dawa, kwa hiyo hapa unagusa mahali penyewe.

Na hisa za mama kwenye VICOBA. Mtu anayelipa 13,000 kila siku huanza kuruka hisa, kisha anaona aibu, kisha anaacha kwenda. Msimwache afike huko. Akikopa VICOBA riba inarudi kwa wanachama wakati wa mgawo, naye ni mmoja wao. Ikibidi akope tena siku moja, akope pale. Elfu kumi kwa mwezi kutoka kwenu, ikilipwa moja kwa moja kwa mweka hazina, inamweka kwenye kikundi.

Tumalizie kodi ya Septemba, kwa kuwa kila kitu kilianzia hapo. Zimebaki kama wiki 24. Mumeo akiweka 4,000 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, ni 24,000, na kwa wiki 24 ni 576,000. Wewe ukiweka 25,000 kila mshahara kuanzia Machi hadi Agosti ni 150,000. Jumla 726,000, na kodi ni 720,000. Inabana lakini inafika. Bajaji ikilala gereji wiki moja haifiki, na ndiyo maana muongee na mwenye nyumba sasa, Machi, kuhusu kulipa miezi mitatu mitatu. Mpangaji anayeomba hivyo akiwa ametoka kulipa miezi sita husikilizwa. Anayeomba siku kodi imeisha haaminiwi. Ikawa 360,000 kwa mara moja, pengo la kuziba linakuwa dogo kiasi kwamba hakuna wa kwenda kuuza kahawa ya mtini kwa ajili yake.

Kibubu hapana. Kinavunjwa mtoto akipata homa. Laini ya pili ya simu ambayo namba yake ya siri mmegawana, nusu kwako nusu kwa mumeo, inashikilia vizuri zaidi. Ikifika laki moja na zaidi, ihamishieni mahali ambapo kuitoa kunachukua siku kadhaa za kazi, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Siku hizo za kusubiri ndizo zinazookoa akiba.

Na chunga simu zako na mama. Wewe ulilalamika, yeye alisikia ombi, na hatabadilika akiwa na miaka 61. Usimfiche shida, ila mwambie shida pamoja na mpango wake. "Kodi imetubana" humtuma mama kwa kausha damu. "Kodi ni Septemba na tumeshaweka laki moja na ishirini" humwacha amelala.

Neno kwa wasomaji wengine ambao wazazi wao ni wastaafu: kwenu kahawa ya mtini ni kiinua mgongo. Mzazi hukipata mara moja tu, na ndugu wote wanajua siku kilipoingia. Akikupa sehemu, muulize kwanza kama paa, deni la benki na bima yake vimeshatengwa. Akisema "hayo yatajipa," hayajatengwa. Pensheni ya mwezi haitamrudishia alichogawa.

Mama wa Miezi Minane, hatua ya wiki hii ni mbili tu: mume ajue, na dada aende na daftari la marejesho kuomba punguzo. Simu ya Jumapili ifuate. Msimu ukifika, baba akauza chamani na kutuma elfu ishirini au thelathini ya mjukuu, ipokee yote, usimpunguzie hata mia. Mwambie umenunulia nini, na umtumie picha.